Mgombea wa Katikati

Kila uchaguzi ulipokaribia, wazee wa Ilembwe hawakwenda kwa mwalimu mkuu wala kwa katekista. Walikwenda kwa Isdori. Yeye mwenyewe shule aliiachia darasa la nne, mwaka ambao baba yake aliugua na shamba likabaki bila mtu. Lakini alikuwa balozi wa nyumba kumi tangu ujana wake, alijua kulieleza jambo kwa Kifipa bila kuzungukazunguka, na hakuwahi kumcheka mzee. Na kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake alama ya nyumba. Isdori alichukua kipande cha mkaa, akachora jembe na nyumba ukutani, akasema, "Fulani ndiye huyu, fulani ndiye huyu. Weka alama pale moyo wako unapotaka." Wazee wakaitikia, wakaenda, wakachagua. Walikuwapo waliochagua jembe miaka yote kwa sababu ni wakulima, na waliochagua nyumba kwa sababu mapaa yao yalivuja. Hayo hayakumhusu Isdori. Yeye alionyesha tu.

Halafu ukaja mwaka wa 1994, uchaguzi wa madiwani, wa kwanza wa vyama vingi.

Enzi hizo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mahindi yaliyokuwa yakinunuliwa na ushirika peke yake sasa yalinunuliwa na mtu yeyote mwenye lori, kwa bei aliyoitaka mwenye lori. Sokoni Sumbawanga mitumba ilimwagwa chini kama makapi ya ngano, watu wakainama kuchagua makoti ya kuzuia baridi ya Ufipa. Vyama navyo vikafunguliwa. Kwenye kata yao wakajitokeza watu watatu wanaotaka udiwani.

Wa kwanza alikuwa Adriano, mwenye duka kwenye njia ya Matai. Huyo alisimama kwa Chama, kile cha siku zote. Aliwaahidi vijana kwamba akishinda, ng'ombe wataondolewa kwenye mbuga ya Ilembwe, na mbuga itagawiwa bustani. Wa pili alikuwa Tadei, fundi cherehani aliyekuwa akikaa Milanzi, ambaye alirudi kijijini na chama kipya, kipaza sauti na maneno mengi. Wa tatu, kwa chama kingine kipya, alikuwa Sayi.

Sayi alikuwa Msukuma. Alifika Ilembwe na mke wake Kabula, mtoto wao Limbu na kundi la ng'ombe, akitafuta majani, akapewa mahali ng'ambo ya mbuga. Watu walimwangalia kwa jicho la pembeni mpaka walipoona namna anavyolima. Wao walikuwa wakikata majani kwa jembe la mkono na kuyafukia kwenye matuta, kazi ya kuvunja mgongo. Yeye alifunga ng'ombe plau akamaliza shamba asubuhi moja. Alikuwa pia na mkokoteni. Mgonjwa akizidiwa, aliitwa Sayi. Shangazi yake Isdori, Bibi Cornelia, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona, alipelekwa na mkokoteni ule kila wiki kufungwa dawa kwenye zahanati ya misheni. Sayi alimtandikia magunia asirushwerushwe na mashimo.

Na Isdori mwenyewe? Mwaka alioshikwa na kifua msimu wa kupanda, akilala kitandani anahesabiwa mbavu, Sayi alikuja na ng'ombe wake akalima shamba lote bila kuitwa. Kabula akawa analeta maziwa. Coleta, mke wa Isdori na mama wa binti yao Bertilla, alilia akisema hajaona ndugu wa namna ile. Tangu hapo wanaume wale wawili walikula sahani moja.

Kwa hiyo Sayi alipomwambia kwamba anagombea, ili mbuga isifungwe na watu wake wasifukuzwe, Isdori alisema, "Vizuri, Baba Limbu. Vizuri sana."

Neno hilo lilitoka mdomoni tu. Moyoni palikuwa na kitu kingine. Isdori alikuwa ameutaka udiwani yeye. Alikwenda kuomba kwenye Chama, wakamwambia asubiri, wakampa Adriano. Hilo aliweza kulimeza, maana Adriano alikuwa na duka na darasa la saba. Lakini Sayi! Mtu wa kuja, ambaye mpaka leo akisalimia kwa Kifipa watoto wanaficha vicheko, ndiye awe mheshimiwa, na yeye Isdori, balozi, akae chini amsikilize? Hakumwambia mtu jambo hili. Hata Coleta hakumwambia.

Jumapili ya mwisho kabla ya kura, misa ilipotoka, wazee walikusanyika uani kwa Rhoda, mama aliyekuwa akipika pombe ya ulezi. Vijana waliojua kusoma hawakuwapo. Walikuwa wamekwenda kiwanjani kumsikiliza Tadei. Isdori alikuja na karatasi ya mfano aliyopewa na ofisi ya kata. Ilikuwa na visanduku vitatu, kimoja chini ya kingine. Juu Adriano, katikati Sayi, chini Tadei.

Karatasi ilizunguka mikononi. Mzee Gabriel aliishika juu chini, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Jembe liko wapi?"

"Jembe halipo, mzee. Siku hizi kila chama kina alama yake."

"Na nyumba?"

"Nayo haipo."

"Sasa tunachagua nini, kama jembe hakuna na nyumba hakuna?"

"Tuchague kata ya Rhoda!" alisema mmoja, akainyanyua kata ya pombe, na ua mzima ukacheka.

Isdori alieleza. Vyama ni vingi, kila kimoja kimeleta mtu wake, wewe unachagua mmoja kati ya watatu. Waliitikia kwa vichwa, kisha wakauliza tena jembe liko wapi. Akaeleza upya. Bibi mmoja alitaka kujua kama Chama kimekufa. Mwingine aliuliza kama mtu akichagua chama kipya atanyimwa sukari. Jua la Oktoba lilikuwa linachoma, pombe ilikuwa imemwingia, na koo lilikuwa limemkauka kwa kusema. Akachukua kipande cha mkaa mekoni kwa Rhoda.

"Basi sikilizeni," alisema. "Wa juu ndiye Jembe. Wa chini ndiye Nyumba. Kama zamani."

Nyuso zote zikafunguka.

"Eeh! Sasa umesema," alisema Mzee Gabriel. "Ulikuwa wapi siku zote?"

Bibi Cornelia alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu wake mbaya ameunyoosha mbele. Alinyoosha kidole kwenye karatasi.

"Na huyo wa katikati, baba?"

Isdori alimtazama. Ilikuwa kazi ndogo mno kumwambia kwamba huyo ni Sayi, yule wa mkokoteni. Alijua kabisa kwamba akilitaja jina lile, nusu ya ua ule ingesahau habari ya jembe na nyumba. Na kwa sababu alijua, hakulitaja.

"Huyo wa katikati wamewekewa Wasukuma, shangazi," alisema. "Kila watu na wao. Sisi yetu ni juu na chini."

"Ahaa."

"Kama tuta la mpaka," Mzee Gabriel akadakia. "Halilimi huyu wala halilimi yule."

Watu wakacheka, na Isdori akacheka nao. Akachora jembe ukutani, akachora nyumba chini yake, na katikati akaacha ukuta mtupu. Rhoda akamwongezea kikombe.

Siku ya kura ilipofika, Isdori aliingia kwenye chumba cha darasa, akasimama nyuma ya pazia la gunia na kalamu mkononi. Akaweka alama katikati. Akampigia Sayi. Alipoitumbukiza karatasi ndani ya sanduku alijiona amelipa kila kitu. Kwani ni nani angesema hakumpa rafiki yake kura? Alitoka nje kifua mbele, karibu apige mluzi.

Mlangoni akakutana na shangazi yake, anashuka ngazi taratibu kwa fimbo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimeweka Nyumba. Umenifundisha vizuri." Alikuwa na furaha kama mtoto. "Wengine wameweka Jembe, lakini mimi paa langu linavuja."

Mluzi ukamfia Isdori mdomoni.

Jioni matokeo yalisomwa mbele ya shule. Adriano alikuwa ameshinda. Sayi alikuwa wa pili, na tofauti yao ilikuwa ndogo, ndogo sana. Tadei alikuwa nyuma yao. Vijana walioahidiwa mbuga walimbeba Adriano mabegani. Isdori hakuhitaji karani wa kumfafanulia. Wazee waliokaa uani kwa Rhoda peke yao wangetosha kuijaza tofauti ile, na ziada ingebaki.

Sayi hakupiga kelele. Alisimama pembeni ya mlingoti wa bendera, kofia mkononi, mpaka watu walipopungua.

"Vituo vya ng'ambo nimepata," alimwambia Isdori. "Hata wale wa njia ya Malangali, watu nisiowajua, wamenipa. Hapa nyumbani ndipo sikupata." Akageuza kofia. "Wazee wangu wamenificha nini, Baba Bertilla? Kama hawakunitaka, si wangesema? Ningewabeba vilevile."

"Watu ndivyo walivyo," alisema Isdori.

Hilo ndilo alilopata la kusema. Watu ndivyo walivyo.

Wiki iliyofuata mkokoteni haukutoka. Iliyofuata tena, haukutoka. Sayi hakumtukana mtu. Aliacha tu. Mtu akienda kumwita, Kabula alitoka mlangoni akasema ng'ombe wamechoka. Maneno yakaanza kijijini. Wengine walisema, mnaona, alikuwa anatubeba kwa ajili ya kura. Isdori alisikia maneno hayo dukani kwa Adriano, akainamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Angeweza kumtetea. Lakini ukianza kumtetea Sayi utafika mahali utaulizwa kwa nini wazee hawakumpa, na Isdori hakutaka kufika mahali hapo.

Kanisani alianza kubaki kwenye benchi wengine walipokwenda kukomunika.  Jumapili ya pili Coleta akamwuliza njiani.

"Mbona hukomuniki?"

"Tumbo."

"Tumbo gani linalouma Jumapili tu?"

Isdori aliongeza mwendo. Coleta alimfikia, akasema, "Kabula ameniambia kisimani. Wanahama. Wanashuka bonde la Rukwa kabla mvua hazijakolea. Adriano ameshawapelekea mgambo kuwaambia mbuga inafungwa." Akashusha pumzi. "Watu waliotulimia shamba. Na mimi sikujua niseme nini, nikamsaidia kuinua ndoo tu."

Usiku huo Isdori hakula. Mtu wa namna yake, aliyezoea kusema jambo lilivyo hata kama linauma, alikuwa sasa anaishi na jambo asiloweza kulisema hata mbele ya sahani ya ugali.

Siku moja asubuhi akiwa na baiskeli anakwenda kuuza maharage mjini, alimkuta Bibi Cornelia barabarani. Alikuwa peke yake, anakwenda zahanati kwa miguu. Kila hatua chache alisimama, akaegemea fimbo, akatazama mbele kama anayekadiria kama njia imefupika. Bandeji ilikuwa imelowa.

"Shangazi! Kwa nini hukuniita?"

"Kila mtu ana kazi zake, baba."

Alimketisha nyuma ya baiskeli juu ya gunia la maharage, akawa anaisukuma taratibu, maana kumwendesha aliogopa kumwangusha. Upepo wa uwanda wa juu ulikuwa unavuma, unawarushia vumbi la mashamba yaliyochomwa. Bibi alimshika bega.

"Sayi ana nini na mimi?" aliuliza. "Labda kuna siku alinisalimia sikusikia. Masikio haya."

"Hana kitu, shangazi."

"Ana kitu. Mtu hawezi kukutandikia magunia mwaka mzima halafu akakusahau hivihivi." Kisha akasema, "Na mimi nilitaka kumpa kura. Nilikwisha kusema moyoni, huyu ndiye. Lakini ulisema wa katikati ni wa Wasukuma, nikaona nisije nikaharibu karatasi ya watu. Nikaweka Nyumba. Tadei mwenyewe simpendi, anapiga kelele."

Isdori aliendelea kusukuma. Hakuwa na uso wa kumgeuzia. Yule mama hakuwa analaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anayesimulia jinsi alivyopitwa na basi. Na kwa sababu hakulaumu, kila neno lilimwingia Isdori na kukaa. Alimfikisha zahanati, akamsubiri, akamrudisha. Maharage hayakufika mjini.

Mchana uleule alivuka mbuga.

Sayi alikuwa anang'oa miti ya zizi, anaipanga kwenye mkokoteni. Kabula alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka. Alipomwona Isdori alimletea kigoda, kama zamani. Isdori hakukaa.

"Baba Limbu, wazee hawakukukataa," alisema. "Mimi ndiye niliyewakataza."

Sayi aliweka mti chini.

"Sema."

Alisema. Hakupunguza. Alieleza habari ya Jembe na Nyumba, swali la shangazi yake, alivyojibu na watu walivyocheka, na jinsi alivyoacha ukuta mtupu. Mwisho akasema lile ambalo Coleta mwenyewe alikuwa halijui. "Niliona wivu. Nilitaka niwe mimi. Sina sababu nyingine."

Kabula alikuwa ameacha kufunga vyombo. "Tukakuletea maziwa," alisema, si kwa hasira, kama anayejiambia mwenyewe. Akaingia ndani.

Sayi alikaa kwenye kile kigoda alichokikataa Isdori. 

"Wewe ulimpigia nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Haki ya Mungu, wewe."

Sayi akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na kitu ndani. "Sasa hilo nitalijuaje? Kura ni ya siri. Kila niliyekutana naye tangu siku ile amesema alinipa mimi. Kama wote walinipa, si ningekuwa diwani?" Akainuka, akaushika mti wake. "Ingekuwa ulinipiga fimbo, tungegombana, wazee wakatuamua, yakaisha. Hii tunaiamuaje?"

"Usihame. Nitakwenda kwa Adriano, nitakwenda wilayani, nitasema."

"Utasema nini? Kwamba ulidanganya watu na wao wakadanganyika? Watakuambia uchaguzi umekwisha." Alipanga mti juu ya mkokoteni, akaukaza kwa kamba. "Mimi ng'ombe wangu hawawezi kunywa maneno yako. Nitashuka. Lakini hujanikosea mimi peke yangu, Baba Bertilla. Mimi nilikosa kiti. Wale wazee ulichukua kitu chao. Nenda kawaambie wenyewe. Uwaambie pale pale ulipowaambia kwanza."

Kwa hiyo Jumapili, misa ilipotoka, Isdori alikwenda uani kwa Rhoda. Michoro yake ya mkaa ilikuwa bado iko ukutani, imeanza kufifia. Wazee walimkaribisha kwa furaha, wakamsogezea kata. Hakuipokea.

Alisimama akawaambia. Watu walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa Sayi, na hakuwa wa Wasukuma. Alikuwa wa kila mtu, kama wale wengine. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kumchagua, na yeye Isdori alilijua hilo tangu mwanzo.

Kwanza Mzee Gabriel alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Unasema ulitufanya wajinga?"

"Ndiyo, mzee."

"Wewe? Isdori mwana wa Kasiano? Niliyemwambia kila mtu huyu hadanganyi?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikasema habari ya tuta la mpaka, watu wakacheka," alisema Gabriel polepole. "Nikamcheka mtu aliyembeba mke wangu siku anakufa." Aliimwaga pombe yake chini, yote, akaichukua fimbo yake akatoka uani bila kuaga. Wawili wakamfuata. Bibi mmoja akaanza kumsema Isdori kwa Kifipa, maneno ambayo mtu hayarudii mbele ya watu, na hakuna aliyemzuia. Rhoda alichukua kitambaa kibichi akaanza kuufuta ukuta. Jembe likawa doa jeusi, nyumba ikawa doa jeusi.

 Kelele zilipopungua, Bibi Cornelia alimwita kwa kidole.

"Kwa hiyo kura yangu iko wapi?"

"Ilikwenda kwa Tadei, shangazi."

"Mimi sikumtaka Tadei."

"Najua."

"Basi kesho unipeleke nikaibadilishe."

Isdori alifungua mdomo amweleze. Akaona hana haki tena ya kumweleza mama huyu kinachowezekana na kisichowezekana kwenye kura. Alipomweleza mara ya mwisho, ndipo kura yake ilipopotea.

"Nitakupeleka, shangazi," alisema.

Kesho yake alimpakia kwenye baiskeli, wakaenda ofisi ya kata. Karani alikuwa Bwana Mbonile, mtu wa Mbeya, mpole, mwenye sweta la kufumwa. Alimwinukia bibi, akamwamkia, akampa kiti.

"Nimekuja kuchukua kura yangu," alisema Bibi Cornelia. "Niliweka mahali sipo. Nataka kuiweka kwa Sayi."

Bwana Mbonile alimtazama Isdori, akidhani ni uzee. Isdori alisema, "Ni kweli anavyosema. Alidanganywa." Kisha, kwa sababu aliona yule karani anasubiri, akaongeza, "Nilimdanganya mimi."

Bwana Mbonile alikaa. Alieleza kwa upole, kwa Kiswahili cha ofisini, na pale alipoona bibi hamfuati akarudia kwa maneno mepesi. Karatasi zimeshahesabiwa. Hazina majina, hata akitaka kuitafuta ya kwake hawezi kuijua. Malalamiko ni ya mgombea kupeleka mahakamani, na mgombea hakupeleka. Diwani ameshaapishwa.

"Lakini uchaguzi utakuja tena, bibi. Baada ya miaka mitano utachagua unayemtaka."

"Sayi anahama Ijumaa."

"Watakuwapo wengine. Sasa ni vyama vingi. Watu watakuwa wengi tu wa kuchagua."

Bibi Cornelia alifikiri juu ya hilo. Aliutazama mguu wake, akaivuta kanga ikafunika bandeji.

"Na nani atanionyesha?"

Karani, kwa mazoea, alimtazama Isdori, kwa kuwa watu wote wa kata ile walijua wazee wa Ilembwe walionyeshwa na nani. Isdori alitazama sakafu ya saruji.

"Huyu hapana," alisema Bibi Cornelia.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshakunywa. Akaishika fimbo, akainuka, akamuaga Bwana Mbonile, akatoka nje.

Isdori alimsogezea baiskeli. Bibi alipita pembeni yake, akaingia barabarani kwa miguu. Njia ya kurudi Ilembwe ilikuwa ndefu na upepo ulikuwa wa mbele. Alitembea, akasimama, akaegemea fimbo, akatembea tena. Isdori alimfuata nyuma akiisukuma baiskeli tupu, na kila shangazi yake aliposimama, naye alisimama.